Kufuli la Igogo

Ngazi ni sabini na nne kutoka mlango wa Mafuru
hadi barabarani, zimejipenyeza kati ya mawe
makubwa kuliko nyumba. Shemeji hushuka zote,
hugusa lami kwa ncha ya kiatu, kisha hupanda tena
kwenda kulitikisa kufuli.
Mara tatu. Siku ya mvua, mara nne.
Kule Mwaloni injini zinamngoja, plagi zimejaa masizi,
wenye mitumbwi wanapiga simu,
naye yuko juu, jasho limemlowesha mgongo, anatikisa.

Nimeketi ngazi ya arobaini na daftari langu la chuo.
Kesho mtihani.

Ukurasa wa mazoea unasema hofu ni kuku:
ulimmwagia punje mara moja, atarudi jikoni.
Akitikisa, moyo hutulia. Utulivu ndio punje.
Basi mnyime punje.
Nani atamshika mkono? Mimi?

Mwalimu wetu wa Alhamisi hapendi kuku.
Yeye huteremka kisimani: ulizeni utotoni,
nani alitoka mlangoni asirudi?
Nikamuuliza dada. Alicheka hadi akaacha kupara sato.
"Mama mkwe? Yupo Ukerewe anapalilia mihogo,
hajaenda hata Nansio bila kuaga."

Wapo wasemao kosa limo katika wazo,
kwamba kichwani mwake "huenda" imevaa sare ya "lazima."
Wapo wa ubongo, na picha zao za rangi;
uwaulize habari za mtu, wakujibu habari za kemikali.
Na yule mpole wa sura ya saba:
mtu ni mbegu, msikilize, atachipua mwenyewe.
Nilimsikiliza Mafuru jioni nzima.
Alinieleza bei ya plagi.

Mama Ng'washi wa nyumba ya chini hana daftari.
"Mwaka ule wa wezi mlima mzima ulinunua makufuli,"
anasema. "Wote tunatikisa. Huyu tu ndiye mnayemwona."

Jumanne alichelewa, akanituma mimi:
"Hebu nenda ukanitazamie."
Nikapanda nikinung'unika,
ziwa nyuma yangu, jeupe kama bati jipya.
Kufuli lilikuwa wazi.
Linaning'inia kwenye komeo, mdomo wazi
kama sangara mezani.

Nikalibana. Likalia ta.
Nikashuka ngazi zote sabini na nne,
nikamwambia, "Limefungwa, shemeji. Punguza wasiwasi."
Akaenda zake akipiga mluzi.

Siku hizi hushuka mara moja tu.
Anayepanda tena ni mimi,
yeye akishapotea kwenye kona.
Sijamwambia, wala sijui kwa nini sijamwambia,
na sura zote saba nimezipekua.

Kesho, swali la kwanza, alama ishirini:
Eleza kwa nini mtu hutenda atendavyo.
Nina kalamu mbili. Nimeangalia, zimo mkobani.
Nimeangalia tena.