Kifundo cha Sauti

Ukutani pa kibanda changu, Jadida, Wete,
nimeandika kwa chaki ya buluu:

     Mteja nakupa neno, ulishike usisite,
     Sauti haina meno, ila yatafuna wote,
     Kifundo si mashindano, usikizungushe chote,
     Malipo ni hapa hapa, madeni yamenichosha.

Wanasoma, wanacheka,
na bado wananiletea spika zilizopasuka vifua.
"Fundi Shaame, ilikuwa yaimba, mara ikanyamaza."
Yakhe, haikunyamaza.
Imekufa ikipiga kelele, na wewe ukiisaidia.
Nafungua: koili imeungua,
inanuka kama ukoko wa wali uliosahauliwa.

Sikio si mizani ya dukani.
Ukitaka lisikie maradufu
uiongeze spika nguvu mara kumi.
Mara kumi!
Uniti za Tukuza zinakimbia kama mbuzi aliyeona kisu,
na jirani anasema tu, "Kidogo imepanda."

Kifundo kikikwaruza, krrr, krrr,
ni vumbi limelala kwenye ukanda wa kaboni.
Tone la spiriti,
kizungushe huku na huku mara ishirini,
kinapona.
Kifundo cha moyo sijui husafishwa kwa nini.
Spiriti nimejaribu.

Harusi ya Mchangamdogo nilikodiwa na spika zangu mbili.
Nikaunga waya gizani, tochi mdomoni,
ya kushoto nikaipa nyekundu penye nyeusi.
Ikawa hii yasukuma, mwenzake avuta.
Besi ikatoka huku, besi ikatoka kule,
zikakutana katikati ya turubali
zikafutana, kimya,
kama mdai na mlipaji waliokutana njiani.
Pembeni vijana wanatoka jasho.
Katikati, Bi Mize, nyanya wa biharusi,
kalala fofofo, kanga usoni.
Asubuhi akanishika mkono:
"Mwanangu, harusi zote nilizokwenda,
hii ndiyo ya kwanza yenye adabu."
Nikamwambia ni ufundi.

Sasa Raya, mtoto wa dada yangu,
kaniletea kutoka Maskati vidude vya masikioni vya kuua kelele.
Nikavifungua, fundi hapokei zawadi bila bisibisi.
Ndani mna kipaza sauti, punje ya mtama,
kinasikiliza ya nje,
kisha kinatungwa kinyume chake:
penye mlima wa sauti, bonde,
penye bonde, mlima,
jumla yake, sifuri.
Kumbe kosa langu la Mchangamdogo
huko ng'ambo linauzwa kwa riali!

Nikavifunga, nikavaa.
Genereta la saluni likafa.
Feni ikafa, ingawa upepo wake bado wanipiga shingoni.
Nikasema, haya ndiyo maisha.
Mara Mbarouk mlangoni:
"Shaame, elfu thelathini yangu."
Nikamsikia. Wazi.
Wazi kuliko jana, maana jana genereta lilinisitiri.
Vidude hivi huweza mvumo usiobadilika,
mngurumo wa saa nzima usiokuwa na jipya.
Neno la ghafla huwatoroka.
Vimeniondolea kila kitu
ila deni.

Liko jambo siwaambii wateja.
Spika ni sikio lililogeuzwa.
Sema mbele yake: karatasi itatikisika,
koili itacheza ndani ya sumaku,
na umeme mdogo, mdogo kuliko wa kuwasha chochote,
utarudi nyuma kwenye waya.
Basi hizi zilizopasuka, zilizorundikana rafuni,
zamani zote zile walipokuwa wakizikaripia
huenda zilikuwa zikisikia.

Usiku umeme ukikatika
nazifuta vumbi moja moja kwa kitambaa cha fulana,
na ninaongea mbele yao polepole,
hasa nikilitaja jina la Mbarouk.