Nafasi Nne za Mbele

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mtambo umeshapata moto,
na mimi bado nina matangazo hamsini na matatu
na nafasi nne za mbele.

Apolinari kapiga simu toka Majengo:
"Aikaruwa, mbele ni mbele. Weka wanaolipa."
Hajakosea. Wino haununuliwi kwa huruma.

Basi ya kwanza nimempa mwenye hoteli ya Shanti Tauni:
kuonja kahawa, dola kumi na tano kwa kikombe,
kahawa ileile ambayo baba aliiuza kwa kilo
akarudi na chumvi na kiberiti.
Ya pili ni benki, imelipia mwaka mzima,
na picha yao ina mlima.
Picha yenye mlima haikataliwi mji huu
hata kama tangazo ni la dawa ya kunguni.
Ya tatu, mbio za kilomita kumi. Fulana bure.

Ya nne ndiyo imenitoa jasho.
Kwaya ya Kiborloni inazindua kinanda.
Vijana wa Pasua wana mashindano ya drafti, zawadi beberu.
Kina mama wa Rau wanaita watu kuzibua mfongo:
"Mje na majembe, uji upo."
Je, kuzibua mfongo ni tukio?
Sheria yetu, niliyoiandika kwa mkono wangu, yasema
tukio lina tarehe, lina mahali, na lina kitu cha kutazama.
Maji yakirudi mgombani hayana kiingilio,
ingawa utoto wangu wote nilikaa ukingoni nikiyatazama.

Nikawaweka wa drafti. Sababu nzuri sina.
Nilimpenda beberu: wameandika na jina lake, Mheshimiwa.

Nafasi zimekwisha.
Ndipo akaingia binti, Nakijwa, na karatasi ya daftari:
*Fundi saa Kajiru anafunga. Jumamosi ni mwisho.
Wenye saa zenu njooni, zilizopona na zisizopona.*
Nikamwambia, mdogo wangu, hili si tukio.
Akasema, "Zipo mia mbili na kumi.
Kila asubuhi anazitia ufunguo zote,
wenyewe wasije wakazikuta zimelala."

Niseme kabisa: saa ya mama yangu imo.
Aliipeleka mwaka ule wa mvua, mkanda umekatika,
akafa risiti ikiwa kwenye kopo la vifungo.
Kwa hiyo nilipofikiri, sikufikiri kwa haki.
Mchaguzi naye ana mama;
hilo sikuliandika kwenye sheria.

Nikachukua rula.
Juu ya ukurasa limekaa jina letu,
herufi nene kama ndizi mshare,
linakula inchi mbili kila wiki na halilipi.
Nikalipunguza. Nikalipunguza tena.
Ikapatikana nafasi ya tano, nyembamba kama ufa wa mlango,
na saa za Kajiru zikapita humo kwa ubavu.

Ijumaa, Apolinari: "Jina letu limeugua?"
"Limefunga."
"Kwaresima iliisha mwezi jana, Aikaruwa."

Jumamosi nilifika saa nne. Foleni hakuna.
Watu wanane, wa tisa mgeni aliyepotea
akiitafuta kahawa ya dola kumi na tano.
Kajiru hakuitazama risiti yangu, alinitazama uso,
akavuta droo ya chini.
"Inachelewa dakika sita. Ilikuja hivyo,
na mimi sikuweza."
Nyuma yake rafu nzima ilikuwa ikitafuna,
kila saa na ukweli wake.
Sikuuliza zinazobaki zitakwenda wapi. Nilipaswa kuuliza.

Leo ni Alhamisi tena. Matangazo arobaini na tisa.
La mfongo wa Rau limerudi, kalamu ileile,
mstari mmoja umefutwa, mmoja umeongezwa:
"Mje na majembe. Uji upo.
Mje mtazame maji."