Tulivyoshuka

Tuko kumi na watatu, Alhamisi baada ya kazi,
ukumbini Ngara, nyuma ya kanisa la mawe.
Kinanda kilichopo kilikufa zamani na panya ndani yake.
Tunao uma wa chuma wa Bi Nyakerario:
anaugonga gotini, anausogeza sikioni,
kisha anatugawia sauti kama mama mwenye nyama haba
na watoto wengi.
Soprano, hii yenu. Besi, shikeni mfupa.

Mimi ni alto wa pili. Mchana nahesabu mishahara ya watu
katika hospitali isiyonilipa kwa wakati.
Hakuna aondokaye na sauti yangu akilini,
ila niondoe uone:
mawe yapo, udongo umetoka.

Tunaimba Kilatini cha mtu aliyezikwa
mji huu haujawa hata wazo kwenye kinamasi.
Sauti moja huondoka, nyingine huifuata,
ya tatu huuliza waliko, ya nne huijibu ikiwa njiani.
Musyimi, teno, fundi wa lifti, husema
ni kamba tu: hii ikipanda ile inashuka,
na aliye ndani haoni kitu, anafika.

Wimbo ukiisha, Bi hugonga uma tena.
Na kila Alhamisi tumeshuka. Nusu noti, pengine zaidi.
Hakuna aliyesikia, kwa kuwa hakuna aliyekosea peke yake;
kila mmoja alimwamini jirani,
kama nyumba inavyozoea deni.

Siku ya tamasha stima ilipotea upande mmoja wa barabara.
Jengo la pili likawasha jenereta.
Ikapenya mawe, noti moja nene,
chini kidogo ya yetu,
nasi katikati ya Kilatini tukaanza kuielekea
kama ng'ombe walionusa maji.
Bi aliinua kidole: juu, juu!
Chelagat akapandisha shingo tu.

Watu sitini na wawili wakapiga makofi
(nilihesabu, ndiyo kazi yangu).
Ulibaki utungo wa Gakii, alto mwenzangu,
wa mwaka huu, wino mbichi,
maneno yake yote majina ya mito
tunayoivuka bila kuitazama.

Bi akatoa uma. Akautazama.
Akaurudisha mfukoni mwa gauni.
Akainamisha kichwa upande wa ukuta
kama anayesikiliza kama mtoto amelala,
kisha akafungua kiganja: hapo. Anzieni hapo.

Besi wakaingia, wakaketi juu ya mngurumo.
Kirichwa, wakasema. Gitathuru.
Nikahisi ukuta mzima umejiunga na kwaya
bila kulipa ada.

Stima ilirudi tukiwa ukurasa wa tatu.
Jenereta ikanyamaza ghafla,
tukabaki tumening'inia
kwenye noti isiyo na kitu chini yake.
Nyuma yangu Musyimi alivuta pumzi, akaendelea.