Mizani

Mchana napima malori ya saruji, barabara ya Hima.
Ekseli moja moja inapanda bamba la chuma,
namba nyekundu zinatapatapa, zinatulia,
nami nasema pita, au nasema shusha mifuko kumi.
Madereva wananiapia kwa mama zao.
Mizani haina mama.

Jumamosi usiku, mjini Kasese, nyuma ya duka la Masereka
la kunyoa nywele na kuchaji simu,
napima makago.

Tuna dadu moja la nyuso ishirini
alilolichonga Kule kwa soli ya kandambili
(Kule ni jina lake, si mahali, yupo hapa hapa ananila karanga).
Dadu linapenda kumi na saba kuliko linavyopenda haki.
Kwa hiyo kanuni ya kwanza, kwa penseli:
kumi na saba ihesabiwe kumi na tano.
Walinung'unika wiki mbili. Wakazoea.

Kule ndiye aliyeleta tego la moto:
linateketeza jeshi zima, halichoki, halilipiwi.
Nikamwambia, ndugu yangu, hii sasa ni serikali.
Tukalipunguza. Moto mmoja kwa siku,
na anayeuwasha hupotewa na sauti mpaka alfajiri.
Masereka aliunga mkono haraka mno.

Biira akaleta zinguo la kufungua kufuli zote.
Nikalipigia mstari neno *zote*.
Siku hizi najua uzito wa maneno:
*milele* huvunja ekseli,
*wote* halitembei bila kibali,
*labda* hupita usiku, taa zimezimwa, na hakuna anayelisimamisha.

Ithungu alikuja mwisho,
na ukurasa wa daftari uliokunjwa mara nne.

    Ewe mto rudi juu, urudi ulikotoka,
    Ondoa wako mguu, nyumbani ulipofika,
    Na redio kuukuu, mkono ulioshika

Mstari wa nne hakuuandika.
Nikahesabu kwa vidole juu ya meza: nane, nane.
Nane, nane. Nane, nane.
Kwa mizani ya washairi, halikupungua chembe.

Chini ya kila kago huwa pana nafasi ya bei:
damu kiasi gani, usingizi wa siku ngapi,
kumbukumbu ipi itafutika.
Hapo alikuwa ameandika: *imeshalipwa.*

Kule aliacha kutafuna.

Sote tuliujua ule mto, na usiku ule,
mawe makubwa kama mabasi yakigongana gizani.
Bibi yake alirudi ndani kuchukua redio.

Ni Biira aliyesema, polepole, kama anayeomba chumvi:
"Maji yakirudi juu, juu kuna watu."
Kweli. Kwenye ramani yetu, tuliyoichora nyuma ya mfuko wa saruji,
juu ya mto pana vijiji vitatu, na kimoja ni cha kwao.
Ithungu akakitazama. Akakifunika kwa kiganja chake.
Akaondoa kiganja.

Tukalifanyia kazi hadi umeme ukakatika,
kisha tukaendelea kwa tochi ya simu ya mteja.
Mto utarudi, lakini kwa pumzi moja tu.
Kinachotoka majini kitoke kimelowa.
Ishirini kamili, au hakuna.

"Ishirini?" akauliza Masereka. "Kwa dadu hili?"

Likarushwa. Tatu.

Akakunja karatasi, mara nne kama mwanzo.
"Jumamosi ijayo," akasema, akatafuta viatu vyake.
Walipoondoka nikachukua penseli, nikaongeza,
bila kupigiwa kura na mtu:
*kila linaposhindwa, kago hupungua uzito kwa moja.*
Nikapiga hesabu. Atalifikia kabla ya mvua za Machi,
dadu likikaidi namna hii hii.

Jumatatu lori moja lilizidi kwa kilo arobaini.
Dereva hakuapa kwa mtu yeyote. Alinyamaza tu,
mkono nje ya dirisha.
Nilimwambia ashushe mfuko mmoja.
Nikamsaidia kuubeba.