Kiwanja cha Tatu

Bwana, Jumapili niliinua mikono yote miwili
nikasema yote, yote ni yako,
na Mchungaji Kule akaitika amina kabla sijamaliza.
Wewe hukusema kitu.
Wewe unazijua hesabu zangu.

Nilikupa sauti. Si nzuri, uliipokea.
Nilikupa fungu la kumi, hata mwaka ule
mvua ilipoingia Katwe bila hodi
na chumvi ya wiki sita ikarudi kuwa maji tukiitazama.
Nilikupa miguu hii iliyoliwa na magadi,
vidonda vinavyofunga Jumamosi
na kufunguka Jumatatu.
Nilikupa Baluku wangu, ingawa hapo tusidanganyane:
ulichukua,
nami nikaja kuita kutoa baadaye,
watu walipokuwa wamejaa uani wakinisikiliza.

Lakini kiwanja cha tatu,
kile kinachopakana na shemeji yangu Thembo,
nilikificha nyuma ya mgongo
kama mtoto aliyeiba sukari guru.

Si kiwanja chenyewe. Tope na vigingi, nani anavitaka?
Ni usiku ule, miaka tisa sasa,
Thembo aliposogeza mpaka hatua nne
nami bado nimekaa matanga.
Hatua nne hizo nimezitunza
kuliko nilivyotunza cheti cha ndoa.
Kila asubuhi nazipima kwa macho.
Wanangu walijua kuzihesabu, moja, mbili, tatu, nne,
kabla hawajajua Baba Yetu.

Walokole wanasema, jitoe mzima.
Nilidhani mzima ni asiyeumwa.
Nikangoja nipone kwanza.

Jana saa saba, jua likiwa wima juu ya shimo hili,
heroe wamesimama kila mmoja kwa mguu wake mmoja,
nilikuwa majini hadi kiunoni nakomba chumvi.
Nikamwona Thembo upande wake.
Amezeeka. Anachota kwa mkono mmoja;
ule wa pili ulipooza Krismasi,
nilisikia, sikwenda kumjulia hali.
Beseni lake likamponyoka,
likaelea, likapita katikati ya vigingi,
likaja kwangu polepole
kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa.

Nikalishika.
Bwana, nililishika muda mrefu.

Hapo ndipo uliponiuliza. Hapakuwa na radi, wala ndoto.
Ulisema tu, *na hiki?*
kama mtoza ushuru wa soko
aliyeona kapu moja limefunikwa.

Nikakuambia chukua kingine.
Nikakukumbusha kwaya, sadaka ya mabati,
mgonjwa niliyemlalia hospitali ya Kagando siku kumi na moja.
Ulikuwa bado unatazama kapu.

Nikalisukuma beseni.
Halikwenda mbali; ilibidi nilifuate,
nivuke kwa miguu yangu zile hatua nne,
maji ya chumvi yakiingia kila kidonda,
nimkabidhi mkononi, mkono ule mzima.
Akasema, "Asante, mama Muhindo."
Nikasema, "Haya."
Ndiyo ibada yote iliyokuwepo.

Vigingi sikung'oa.
Sijui kama kung'oa ndiko kusamehe
au ni kujionyesha tu.
Usiku nililala vibaya, nikajihisi nimeibiwa,
nikainuka, nikaketi kitandani kama mjane wa mara ya pili,
maana kinyongo nacho hukaa na mtu,
hula naye, humjua kwa jina.

Leo alfajiri nilianza tena kwa mazoea:
moja,
mbili,
nikakukuta umesimama kwenye tatu.

Basi chukua. Sijapona.
Nichukue na miguu yake, na hesabu zake,
na hii hasira iliyobaki kwenye pindo la kitenge
kama punje zisizotoka hata ukikung'uta.
Kesho ukizidai, nitakuwa huku huku majini.
Lori la Bwera linakuja Alhamisi
na kiwanja cha tatu hakijakombwa.