Mabomba Matatu

Mwezi wa Rajabu kisima cha Maziwang'ombe kilikolea chumvi.
Maziwa yakakatika ndani ya chai.
Watu wakamtazama Mize Shaame, fundi wa pampu,
kana kwamba yeye ndiye aliyeitia.

Usiku akampigia Vuai wa Makunduchi;
walikaa dawati moja siku nne, semina ya Wete,
hawakuonana tena.
Vuai hakuuliza habari za nyumbani.
"Pampu umeizamisha mabomba mangapi?"
"Kumi na moja."
"Basi bahari umeifuata mwenyewe.
Tamu huelea juu, dada. Inua matatu.
Vuta kidogo kidogo, usiku kiache kilale."
"Nani kakufunza?"
"Bikombo, wa Tumbatu.
Naye aliharibu viwili kwanza."

Wiki zikapita. Mize akaonja,
akatema,
akaonja tena.
Akameza.

Sasa simu yake hulia kabla ya adhana:
Kojani, Shumba, kijana mmoja wa Wingwi asiyejua hata kuuliza.
Naye hufungua daftari lenye madoa ya grisi,
huwasomea vipimo, polepole,
lakini huanza na mstari wa juu kabisa:
Viwili viliharibika Tumbatu.