Muuza Sidiria wa Mwanga

Kila Jumatano nafungua belo.
Nakata mkanda kwa kisu cha kuparia samaki,
sidiria zinafumuka kama zilibana pumzi
tangu nchi ya watu waliozivaa kwanza.
Nyeusi, nyekundu, za rangi ya ngozi isiyo yetu,
zenye waya, zilizokatika vifungo.
Elfu moja. Elfu mbili ukitaka yenye lebo bado.

Chumba cha kujaribia sina.
Wateja wanapima juu ya gauni, juu ya kitenge,
wakitazama pembeni kama wanaochagua viatu vya mtoto.
Mimi sihitaji futi.
Mtu akipandisha kilima kutoka Kibirizi
namba yake naijua kabla ya jina.

Ntahondi alikuwa thelathini na sita.
Miaka tisa, thelathini na sita.
Siku moja akaniuliza, sauti chini ya meza:
"Una yenye upande mmoja mkubwa?"
Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.
Nikamwambia wazungu hawajashona ya hivyo.
Akanunua ileile, akaenda zake.
Masika hayakumkuta.

Tangu hapo nina sindano.
Usiku, umeme ukiwepo na usipokuwepo,
nashona kitambaa ndani ya kila kikombe,
na juu yake, kwa kalamu isiyofutika:
UKIGUSA KIJIWE, NENDA MAWENI.
Watu wanacheka. Jiwe limerudi kwao, wanasema.
Wacha wacheke.
Anayecheka amekwisha kusoma.

Mwamvua wa sabuni za mawese akataka na yeye.
Anamwambia kila mnunuzi, mche mkononi,
hamwachii mpaka amalize:
povu likiwa bado kifuani
vidole vizunguke, polepole, mpaka kwapani,
ndipo umwage maji.
Na kijana wa kutuma na kutoa pesa
ameandika kwenye boksi, kwa mwandiko wake mbaya:
Salio la mwili wako umeangalia?

Bwana Gwimo wa saruji na mabati
alileta fulana mia mbili za waridi.
Jina la duka mgongoni, kubwa kama mlango.
Neno titi hakuliandika,
alisema linaharibu biashara.
Tukapiga picha, tukashuka mpaka stesheni na kurudi,
tukanywa soda.
Mwezi haujaisha, fulana zilikuwa zinadeki sakafu.

Nikamfuata dukani, yangu nimeikunja mkononi.
Bwana, nikasema, una wasichana wanne kaunta,
na kina mama kumi na mmoja wanakupondea kokoto.
Kupima ni Alhamisi.
Wewe Alhamisi asiyekuja unamkata.
Sasa waridi lako ni la nini?

Akakohoa. Akapanga upya risiti zilizokuwa zimepangwa.
Akahesabu kitu kichwani, nilimwona,
midomo ikisogea,
mfanyabiashara ni mfanyabiashara.
Halafu akaniuliza foleni ya hospitali huanza saa ngapi.

Alhamisi ile lori lake halikubeba bati.
Lilibeba mabenchi yaliyofungwa kamba
na wanawake kumi na watano wenye vumbi la kokoto kwenye nyusi,
siku yao imelipwa,
wakitaniana kwa sauti kubwa kupita kiasi
kama watu wanaopita makaburini.

Kumi na wanne walirudi na lori.
Mmoja aliambiwa abaki. Simtaji.
Daktari alisema: mapema, amekuja mapema,
na neno hilo nililibeba mpaka nyumbani
kama chenji niliyorudishiwa sawasawa
na mtu niliyedhani ataniibia.

Chini ya meza yangu kuna sidiria moja, haiuzwi.
Upande wa kushoto nimeujaza pamba,
nimeshona mara mbili isichomoke akiinama.
Atakuja, labda baada ya mavuno, labda jioni watu wakipungua,
ataniuliza kwa sauti ndogo.

Safari hii sicheki.
Nitainama, nitoe,
niseme: ipo.